Nani Katufungisha?

Kiswahili kina kitenzi ambacho shabiki wa mpira hamalizi msimu bila kukitumia: kufungisha. Timu hufungwa, mtu hufungisha. "Tumefungwa" ni taarifa tu, haina mshitakiwa. "Katufungisha" ni hukumu iliyokwisha kusomwa, na mshitakiwa ni mmoja.

Kaa jukwaa la mzunguko pale Sokoine, Mbeya, siku mbili tofauti, usikilize viambishi badala ya matusi. Siku ya ushindi kila mtu ni "tumewapiga", hata yule aliyegusa mpira mara ya mwisho akiwa darasa la saba. Siku ya kipigo ile "tu" inapotea mapema, dakika ya 80 hivi, inakuja "wa": wamezidiwa, wamechoka, hawajui wanachofanya. Watu wakifika Kabwe kutafuta usafiri, "wa" nayo imeshasinyaa imebaki mtu mmoja. Yule beki. Yule kipa. Katufungisha.

Wanasaikolojia nao waliliona hilo, kwa lugha yao. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwenye vyuo vikuu vya Marekani. Waligundua kwamba Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina au nembo ya chuo. Wanafunzi walipopigiwa simu waelezee mechi, ushindi waliusimulia kwa "sisi" kuliko walivyousimulia ushinde. Hapa kwetu hahitajiki mtafiti. Hesabu jezi za zambarau za Mbeya City mitaa ya Mwanjelwa siku moja baada ya ushindi, halafu uzihesabu tena baada ya kichapo.

Sifa nazo zina kitenzi chao, kubeba. "Katubeba." Huyo naye ni mmoja, ingawa uwanjani walikuwa kumi na mmoja na wengine wakatokea benchi. Ninachodai ni kwamba vitenzi hivyo viwili havipimi sana ubora wa mchezaji. Vinapima alikuwa umbali gani na goli pale macho yetu yalipomkuta, na tulikuwa tumemwandikia nini kabla refa hajapuliza filimbi ya kwanza.

Sekunde tisa

Tuchukue goli la mfano, la aina inayofungwa kila wikiendi kuanzia Samora pale Iringa hadi viwanja vya mchangani vya Tunduma. Dakika ya 83, matokeo ni 1-1. Bao la wenyeji alilifunga winga wa kulia kipindi cha kwanza, na sasa mpira uko tena miguuni kwake, mita 25 hivi kutoka lango la wageni. Beki wa kulia amepanda, amempita kwa nje, anaomba pasi kwa mkono.

Sekunde ya kwanza. Winga ana pasi mbili nyepesi: amtangulizie beki aliyepanda, au arudishe kwa kiungo nyuma yake. Anachagua ya tatu, anaingia ndani kwenye watu watatu. Anampiga wa kwanza chenga, uwanja unalipuka. Sekunde ya pili anamtafuta wa pili, ananyang'anywa. Ya tatu: namba sita, ambaye kazi yake timu ikishambulia ni kubaki nyuma ya mpira na kuziba njia, yuko ndani ya boksi la wageni anasubiri krosi. Ya nne: beki wa wageni anapiga mpira mrefu, mita 40, unatua kwenye shamba aliloliacha beki wa kulia. Ya tano: beki wa kati anaangalia kushoto, anaangalia kulia, hakuna mwingine wa kwenda. Akibaki katikati, mshambuliaji anapewa mita 30 za kukimbia peke yake. Akitoka, katikati kunabaki pengo. Anatoka. Ya saba anafika, lakini amefika akiwa kasi yote, na mshambuliaji anasimama ghafla. Beki anateleza. Ya nane, krosi ya chini. Ya tisa, mtu aliyelifuata lile pengo anaugusa tu kwa ndani ya mguu, kipa akiwa tayari ameanguka kwenye mwamba wa karibu.

Nani katufungisha? Uwanja mzima una jibu: beki, kageuzwa kama chapati. Wachache watamtaja kipa. Winga hatajwi. Namba sita hata hakuonekana, na kutoonekana ndiko kulikomwokoa.

Sasa fikiria marudio ya televisheni. Hayaanzi sekunde ya kwanza. Yanaanza ya saba, beki anapofika, kisha yanarudiwa kwa pembe nyingine, kisha taratibu. Wateja wa kibanda umiza wataona kuteleza kule mara tatu au nne kabla mpira haujawekwa katikati, na kipande kitakachozunguka kwenye simu usiku kitakuwa hichohicho. Kosa lililoonwa mara nne linakuwa kubwa mara nne, na lile la winga limeonwa mara moja tu, tena likiwa limevikwa shangwe.

Ukitaka kuwa mtazamaji wa haki, kanuni ni moja: rudisha mpira hadi pale timu yako ilipoumiliki mara ya mwisho, uanzie kuhesabu hapo. Uwanjani ambako hakuna marudio, jizoeze jambo gumu kidogo. Mpira ukipotea, usiufuate kwa macho. Zipe sekunde mbili sehemu mbili: alipo namba sita, na nafasi iliyo nyuma ya beki wa pembeni aliyepanda. Mpira utaukuta tu, hauendi mbali. Ukifanya hivyo mechi tatu mfululizo utaanza kuona magoli yakija sekunde tano kabla ya jirani yako, na utakuwa mtu wa kuudhi kukaa naye. (Hilo halina dawa.)

Mpira wa miguu unalea lawama kuliko michezo mingi kwa sababu magoli ni machache. Kwenye kikapu mchezaji anakosa, dakika moja baadaye anarusha tena, hesabu inajisawazisha yenyewe. Kwenye soka mechi nzima yenye mamia ya pasi huamuliwa na matukio mawili au matatu, kwa hiyo aliye karibu na tukio anabeba uzito wa dakika 90. Mshambuliaji aliyekosa nafasi nne akafunga ya tano ni shujaa. Beki aliyezuia nne akateleza ya tano ni mhalifu. Wote wana hesabu moja, nne kwa moja, ila ya mmoja imeandikwa kwa wino wa kijani na ya mwingine kwa wino mwekundu.

Kipa aliyesimama

Makipa wanalijua hili kuliko wote, na kuna ushahidi wa namba. Michael Bar-Eli na wenzake wa Israeli walichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa penalti 286 kutoka ligi na mashindano makubwa. Karibu asilimia 29 ya mipira ilipigwa katikati. Makipa waliobaki katikati walikuwa asilimia 6 tu. Yaani kwa hesabu kavu, kipa angenufaika kwa kusimama mara nyingi zaidi ya anavyosimama.

Kwa nini hasimami? Mpira uko mita 11, goli lina upana wa mita 7.32, na shuti la kilomita 100 kwa saa linafika kwa takriban sekunde 0.4. Hakuna muda wa kuona kisha kuamua, lazima uamue kabla. Akiruka kulia mpira ukaenda kushoto, jukwaa linasema "kajitahidi, kadanganywa". Akisimama mpira ukaenda pembeni, jukwaa linasema "kasimama kama mlingoti, kauza". Goli ni lilelile. Adhabu ndiyo tofauti, na kipa anachagua kosa lenye adhabu ndogo.

Hapo shabiki ameshaingia uwanjani bila kuvaa viatu. Kelele zetu zinaamua namna kipa anavyodaka. Tunapenda mchezaji anayejitupa, anayeteleza kwa makalio kunyakua mpira, anayemaliza mechi jezi ikiwa na matope hadi kifuani. Msimu wa mvua, huku Nyanda za Juu ambako kuanzia Novemba hadi Aprili majani hayakauki, matope hayo yanapatikana kwa urahisi. Lakini beki anayelazimika kuteleza mara sita kwa mechi mara nyingi ni beki aliyechelewa kujipanga mara sita. Aliyejipanga vizuri anamaliza akiwa msafi. Anaitwa mvivu.

Ni hivyohivyo kwa wanaotembea. Lionel Messi anajulikana kwa kutembea sehemu kubwa ya mechi, akisoma wapi pana nafasi. Mchezaji mrefu wa hatua ndefu naye anaonekana anatembea hata akikimbia. Mfupi wa hatua za harakaharaka anaonekana ana moyo hata akikimbilia mahali pasipo na kazi. Macho yetu hupima mitikisiko.

Hewa ya mita 1,700

Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Mpira unasukumwa nyuma na hewa kidogo, kwa hiyo mrefu unakwenda mbali zaidi ya ulivyozoeleka Dar es Salaam au Tanga. Na ule wa kuzungushwa unapinda kidogo kuliko mpigaji alivyokusudia, maana hewa ndiyo inayoupinda.

Kipa aliyepanda kutoka pwani ana makosa yake maalumu pale Sokoine. Krosi ndefu: anatoka hatua tatu akiamini utashuka kwenye mikono yake, unampita kichwani. Mpira wa mbali: anahesabu utadunda mbele yake, unadunda miguuni. Jukwaani, mashabiki waliomsindikiza wanashikana vichwa, na kabla ya machweo imeshasemwa kwamba kipa amepewa bahasha. Beki wake akipiga mpira mrefu ukatoka nje kabisa, naye "kabutua ovyo". Makocha wanaojua huwahi kuwaleta wachezaji, huwapigisha mipira mirefu na kona nyingi mazoezini ili macho ya kipa yajifunze upya, na humwambia aanzie nusu hatua nyuma ya alipozoea kusimama. Wenyeji wao hurudishiwa kwingine: timu ya Mbeya huteremka kwa basi zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar, hukutana na joto na jasho, miguu inakuwa mizito dakika ya 70, na nyumbani wanasema vijana hawana moyo. Kilomita hazionekani kwenye televisheni.

Bei, kwao, na garasa

Kuna kundi la lawama ambalo halitokani na mechi kabisa. Linatokana na usajili. Neno lake ni garasa, lililotoka kwenye karata: ile isiyo na thamani mkononi. Mchezaji hawi garasa kwa kucheza vibaya tu. Anakuwa garasa kwa kucheza chini ya bei aliyotangazwa nayo. Kijana aliyetolewa timu ya vijana akacheza kiwango hichohicho anaitwa "anakuja vizuri".

Ndiyo maana timu za huku zimependwa zaidi pale ambapo hakuna aliyezitarajia. Tukuyu Stars walitoka Rungwe wakatwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986. Mbeya City walipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 wakamaliza wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Lipuli ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 kule Lindi, ikafungwa na Azam 1-0, na mji ukaipokea kwa fahari. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Ihefu, ikiwa bado na makazi yake Mbarali, iliifunga Yanga 2-1 Novemba 29, 2022, na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Kwa vikosi hivyo kosa la beki lilisamehewa, kwa sababu kila pointi ilikuwa kama imeokotwa. Tatizo huanza msimu unaofuata. Ukishamaliza wa tatu mara moja, nafasi ya saba inahitaji maelezo, na maelezo yanahitaji mtu.

Waswahili wana methali mbili zinazopingana juu ya hili, na jukwaa hutumia zote. Mcheza kwao hutunzwa: mtoto wa Ilomba au Uyole akifunga, noti zinaingia uwanjani. Lakini mtoto wa nyumbani akikosea, kila mtu anamjua baba yake, shule aliyosoma na baa anayoonekana, kwa hiyo kosa linapata maelezo papo hapo. Kwa mgeni, kuku mgeni hakosi kamba mguuni: anapewa mechi tatu, ya nne anaulizwa alifuata nini. Tofauti ni kwamba mgeni anaondoka. Wa kwao anaendelea kukutana na watu sokoni Soweto, hapohapo Mbeya.

Mfano mzuri wa mtu aliyepimwa kwa kipimo kisicho chake ni Kibu Denis. Alitoka Mbeya City akajiunga na Simba mwaka 2021. Kwa kuwa anapangwa mbele, watu wanamhesabia magoli, na ya ligi yamekuwa ya kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo utani juu yake haujawahi kwisha. Lakini mtazame timu yake isipokuwa na mpira. Anamfuata beki wa pembeni hadi kwenye boksi lake mwenyewe, anageuka, anakimbia mita 60 kwenda mbele, anarudia. Beki wa upinzani anayejua Kibu yuko nyuma yake hapandi. Krosi ambayo haikupigwa haina mahali pa kuandikwa. Halafu zinakuja siku kama Aprili 16, 2023, alipofunga Simba ikiilaza Yanga 2-0, au Desemba 15, 2024, alipofunga yote mawili dhidi ya CS Sfaxien katika ushindi wa 2-1, la pili likiwa dakika za lala salama. Siku hizo ni "katubeba". Ukiniuliza, alikuwa akiwabeba na siku nyingine nyingi, ila mzigo haukuwa na umbo la goli.

Anayeshukiwa kabla ya kosa

Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi sana. Shabiki wa Mbeya au Iringa mara nyingi ana timu mbili: ya mji wake, na Simba au Yanga. Wakubwa wakija, Sokoine inagawanyika kwa namna ya ajabu, mtu amevaa zambarau juu na moyo wake umevaa nyekundu au kijani. Mchezaji wa timu ya nyumbani naye anadhaniwa yuko hivyohivyo. Akikosea dhidi ya Tanzania Prisons, majirani wa hapohapo Mbeya, amekosea. Akikosea dhidi ya Simba, ni Simba damu, au anatafuta usajili, au kahongwa.

Shutuma ya kuuza mechi ina nguvu kwa sababu haiwezi kukanushwa na kiwango. Akicheza vizuri wiki ijayo, "anajisafisha". Akicheza vibaya, "tulisema". Ili ushuku kwa busara, angalau uliza kosa lenyewe lilikuwa la aina gani. Kuteleza, kuukosea mpira unaodunda, kupoteza mpira akiwa amebanwa na wawili: hayo ni makosa ya mpira, hutokea kila mechi na kila ligi duniani. Mtu anayetaka kuharibu kwa makusudi hahitaji kuchekesha uwanja. Anaweza tu kuchelewa nusu hatua mara kumi, na hakuna atakayemwona. Aliyeanguka kifudifudi mbele ya watu elfu kumi ni mtu wa mwisho wa kumshuku.

Waamuzi nao wana kazi muhimu kwenye uchumi huu wa lawama: ni jalala la wote. Refa akionekana kakosea, beki anapona. Mpinzani naye huweza kuwa jalala, kama Ghana ya mwaka 2010 inavyoonyesha. Julai 2, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay, Luis Suárez aliudaka mpira kwenye mstari wa goli sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Asamoah Gyan akaupiga mkwaju, ukagonga mwamba wa juu. Dakika chache baadaye Gyan huyohuyo alipiga tuta la kwanza la Ghana, akafunga. Wenzake wawili wakakosa, Ghana ikatoka. Gyan alilaumiwa, ila Afrika ilikuwa na Suárez wa kumchukia, na hasira ikapata njia ya nje. Roberto Baggio hakuwa na Suárez. Fainali ya mwaka 1994 anakumbukwa kwa penalti iliyopaa, wakati Baresi na Massaro nao walikosa siku hiyo, na hata angefunga, Brazil walibakiwa na mkwaju mmoja wa kumaliza kazi. Tena Italia isingefika fainali bila magoli yake matano ya hatua ya mtoano. Yake ilikuwa ya mwisho, basi.

Mwaka huohuo, Andrés Escobar wa Colombia alijifunga dhidi ya Marekani Juni 22. Julai 2 alipigwa risasi na kuuawa Medellín. Colombia ilikuwa imeshachapwa 3-1 na Romania kabla ya goli lile. Mechi hiyo haina mtu aliyeifungisha anayekumbukwa.

Timu kubwa ikivunjika kwa pamoja, lawama huwa kubwa mno kwa beki mmoja, hivyo hupandishwa cheo hadi kwa kocha. Novemba 5, 2023, Simba na Yanga walikuwa 1-1 hadi dakika ya 60. Ilimalizika 5-1 kwa Yanga. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, hakuwa na kazi. Kocha ana sifa zote za kuangushiwa jumba bovu: ni mmoja, anaonekana, na kumwondoa ni rahisi kuliko kuwaondoa wachezaji 25.

Kinachompata aliyesakamwa

Turudi kwa beki wetu wa sekunde ya tano, kwa sababu mechi ijayo yupo.

Ukitaka kujua kama zomeazomea imemwingia, usimwangalie akikaba. Mwangalie timu yake ikiwa na mpira. Beki mwenye amani anajitenga mita nne au tano na mpinzani, anafungua mwili, anaomba pasi. Aliyevunjika anasimama nyuma ya mshambuliaji, mahali ambapo pasi haiwezi kumfika, huku akinyoosha mkono kuelekeza wengine ili aonekane ana kazi. Akipewa, anarudisha kwa kipa kwa mguso wa kwanza, au anabutua nje. Safu ya ulinzi ikipanda, yeye anabaki mita mbili nyuma, na mita mbili hizo zinawaweka wapinzani wote upande salama wa mtego wa kuotea. Anaacha kuita. Kipa aliyesakamwa ni mwepesi zaidi kumgundua: kona zinapigwa, yeye amegandamana na mstari.

Tazama kinachotokea. Makosa yake yanayoonekana yanapungua, na jukwaa linasema "afadhali leo katulia". Timu yake inakuwa mbovu zaidi, kwa sababu sasa inacheza na kumi, na shida inahamia kwa jirani yake, ambaye ndiye atakayefungisha mwezi ujao.

Makocha wazoefu wana dawa ndogondogo. Dakika kumi za kwanza wanaagiza apewe pasi fupi tatu au nne zisizo na hatari, ili mguu wake ukumbuke. Wanampanga karibu na nahodha anayeongea sana. Hawamtoi kabla ya mapumziko isipokuwa ameumia, maana kutolewa dakika ya 35 mbele ya uwanja wake ni kutangazwa kwa kipaza sauti kwamba uwanja ulikuwa sahihi. Na upande wa jukwaa kuna watu wenye uwezo kuliko wanavyojua: wapiga ngoma na matarumbeta. Wao ndio wanaoamua jina lipi liimbwe. Jina la beki likiimbwa wakati wa kupasha misuli, kabla hajagusa chochote, zomeazomea inakosa pa kuanzia, kwa sababu binadamu hapendi kuzomea peke yake.

Kwa mtu mmojammoja, chukua kidaftari. Mchague mchezaji mnayemsema vibaya kijiweni, umfuate yeye tu kwa dakika kumi kipindi cha kwanza na kumi kipindi cha pili. Andika mambo matatu: mara ngapi alijiweka mahali pa kupasiwa, mara ngapi alikwenda kuziba nafasi ya mwenzake, na mipira aliyopoteza ilipotelea theluthi ipi ya uwanja. Uliopotelea theluthi ya mbele uugawe mara mbili: alikuwa na pasi nyepesi akaikataa, au hakuwa nayo. Kisha fanya vilevile kwa kipenzi chenu, dakika ishirini zilezile. Usimwonyeshe mtu daftari kwanza.

Ile mechi ya 1-2, tuseme imekwisha. Jua limezama nyuma ya milima na baridi ya Mbeya imeshaanza kuuma masikio. Basi la timu limewashwa taa za ndani, beki amekaa siti ya dirishani upande usio na watu, pazia limevutwa. Nje, karibu na mlango, winga bado hajapanda. Kuna watoto wanane wanataka kupiga naye picha, na baba mmoja anamwambia, akimshika bega, "Mdogo wangu, wewe leo umecheza. Wenzako ndio wametuangusha."